Muvi ya Krismasi ya watoto wa mbwa wanaoongea imeniachia kilio ndani ya nyumba. Muuzaji wa mbwa, kama unasoma hapa, uzi huu ni wako

Wakuu, heri ya mwaka mpya kwa mliouanza vizuri. Mimi sijauanza vizuri. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma tangulieni, na wale wa "kwani mbwa ni mtu?" naomba mpite kimyakimya maana leo nitawajibu vibaya.

Chanzo cha yote ni flashi. Shule zimefungwa, watoto wako ndani kutwa, kifurushi cha king'amuzi kimekata, nikapita kwa yule kijana wa kibanda cha muvi. "Za vita au za watoto, mzee?" Nikamwambia za watoto, tena za Krismasi. Akaniingizia kumi. Ya tatu ndiyo iliyotuponza: Santa Buddies.

Kwa ambao hawaijui, ni muvi ya Disney ya mwaka 2009, moja ya zile zinazotoka moja kwa moja kwenye DVD bila kupita kwenye majumba ya sinema. Kuna watoto watano wa mbwa aina ya golden retriever, ndugu wa tumbo moja. Mmoja ana utepe wa pinki, mmoja ana cheni shingoni kama msanii, mmoja hatoki kwenye matope, mmoja anatafakari kama mtawa, na mmoja kibonge anakula kila kinachopita mbele yake. Wote wanaongea. Huko Ncha ya Kaskazini kuna mbwa wa Santa, na mtoto wake mweupe hataki kurithi kazi ya baba, anatoroka kwenda kuishi kama mbwa wa kawaida. Basi Krismasi inaelekea kuharibika, wale watano wanaingia kazini. Tuishie hapo.

Yetu ilikuwa ya kutafsiriwa. Mnajua zilivyo. DJ mmoja mtafsiri, sauti nzito kama konda wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, anaongea kwa niaba ya mbwa watano, Santa, wasaidizi wake na mama mwenye nyumba. Yule mbwa wa kike mwenye utepe anasema "jamani msinichafue, mie mrembo" kwa sauti ileile ya kuitia abiria. Mtoto wa mbwa wa Santa anamwambia baba yake, "Mzee, kazi yako siitaki, nakwenda mjini kula bata." Watoto wangu walicheka mpaka mdogo akajikojolea. Mimi pia nilicheka, sikatai.

Ila kumbukeni jambo moja, nitalirudia. Kuna sehemu wanaonyesha kijibwa kimoja kiko kizimbani kwa mshika mbwa (anayeigiza mshika mbwa ni Christopher Lloyd), hakina mwenyewe, kinaomba tu Krismasi imkute mahali penye watu. Hapo DJ wetu hakutafsiri hata neno. Alikuwa anatuma salamu kwa washikaji zake wa Mbagala.

Muvi ikarudiwa mara tano ndani ya siku tatu. Siku ya nne binti yangu, ana miaka sita, akaja kanishika kidole: "Baba, mimi Krismasi sitaki gauni. Nataka Badabolo." Badabolo ndiye yule kibonge, Budderball, kwa matamshi ya nyumbani kwetu. Kaka yake akaunga mkono, naye asamehewe viatu. Mama watoto akasema wazi, mbwa haingii ndani kwake. Nikajifanya mwanaume wa maamuzi. Nikaingia mtandaoni.

Nikampata muuzaji. Picha safi, kijibwa cha rangi ya asali kimekaa juu ya zulia. Maelezo: "Golden orijino, wiki 10, amechanjwa chanjo ZOTE, laki nne na nusu, bei haipungui." Nikatuma hela. Tarehe 20 Desemba mbwa akaletwa na bodaboda ndani ya boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu kwa bisibisi. Na kadi ya chanjo. Hiyo kadi nitairudia pia.

Nilipomtoa kwenye boksi alikuwa mwepesi, kama umebeba mkate. Tumbo limetuna, miguu inatetemeka. Nikajua ni uchovu wa safari. Akalala. Akaamka, akanywa maji, akalala tena. Watoto wamemzunguka, wanaongea naye, wanasubiri. Binti akalala kifudifudi sakafuni, akatega sikio kabisa kwenye mdomo wa yule mbwa. Akakaa vile muda mrefu. Kisha akaniangalia. "Baba, mbona haongei?" Kaka yake akamwambia anaongea Kiingereza, hajatuzoea.

Nikacheka tena. Ndicho kicheko changu cha mwisho cha mwaka.

Mkesha wa Krismasi hakula. Mchana akatapika povu la njano. Jioni akaharisha, na hapa wenye mbwa mnajua ninachosema, ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau. Damu iliyooza. Imejaa nyumba nzima, pilau liko jikoni na hakuna anayelitaka. Nikambeba kwa taulo mpaka kwa daktari wa mifugo, Mungu ambariki alikuwa wazi.

Daktari hakuhitaji dakika kumi. Akachukua kipimo, akasema pavo, yaani kirusi cha mbwa kinachoshambulia utumbo. Halafu akafanya kitu ambacho kiliniuma kuliko ugonjwa. Akamfungua mdomo taratibu, akanimulikia kwa tochi ya simu. "Mzee, ona huku nyuma. Magego ya utoto ndiyo kwanza yanatokeza kwenye fizi. Umeambiwa ana wiki ngapi?" Nikasema kumi. Akatikisa kichwa. "Huyu akizidi sana ni wiki tano au sita. Alitakiwa awe kwa mama yake."

Nikampa kadi. Akaigeuza upande huu na upande ule. Kadi ya kweli, akanieleza, kila chanjo inabandikwa kile kikaratasi kinachobanduliwa kwenye kichupa, chenye jina la dawa na namba ya toleo, na daktari anasaini na kugonga mhuri. Ya kwangu ilikuwa na tiki nne za kalamu ya bluu. Tiki, kama mtihani wa darasa la pili.

Na sikilizeni hili, maana mimi nimelinunua ghali. Mtoto wa mbwa chanjo ya pavo huanza kupewa kwenye wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa macho ile kinga inaisha lini. Kwa hiyo mtu akikwambia mbwa wa wiki 10 amechanjwa ZOTE, hata kama umri ni wa kweli, kauli yenyewe haiwezi kuwa kweli. Ningelijua hilo kabla ya kutuma hela nisingekuwa hapa natoa povu.

Muda nao unamkamata muuzaji. Dalili za pavo huanza siku tatu mpaka saba hivi tangu mbwa aambukizwe, mara nyingine zaidi. Huyu aliugua siku ya nne. Kwangu hapakuwahi kufugwa mbwa. Daktari akasema kwa vyovyote huyu alikuja nao.

Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo hospitalini hapo. Unamwekea dripu, sindano ya kuzuia kutapika, antibiotiki ili bakteria wasipenye kwenye utumbo uliochubuka, na unasubiri. Mbwa wengi wakiwahishwa hupona. Huyu alikuwa mdogo mno, na minyoo tele. Tarehe 27 alfajiri nikapigiwa simu. Ukijumlisha mbwa, dripu, dawa na bodaboda, laki sita na ushee imekwenda. Hela itatafutwa. Mtafute wewe jibu la kumpa mtoto wa miaka sita anayeuliza kama Badabolo hakuongea kwa sababu alikuwa anaumwa.

Sasa turudi kwenye muvi, maana najua mtasema natafuta mchawi.

Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma kuhusu hizo muvi za watoto wa mbwa. Midomo inachezeshwa na kompyuta, hilo kila mtu anajua. Nisichokuwa najua ni kwamba mbwa watano unaowaona si watano. Mtoto wa mbwa anakua haraka mno, wiki mbili tu amebadilika, kwa hiyo anayepiga picha kwa miezi anahitaji makumi ya watoto wa umri mmoja, hawa wakikua wanaletwa wengine. Halafu nikakutana na habari ya muvi nyingine ya mfululizo uleule, Snow Buddies ya mwaka 2008, iliyopigwa Kanada, jimbo la British Columbia. Mwaka 2007, wakati wa kupiga picha, waliletwa watoto wa mbwa zaidi ya ishirini kutoka Marekani, wakiwa na umri wa wiki sita hivi, ilhali sheria ya Marekani inataka mtoto wa mbwa asisafirishwe kibiashara kabla ya wiki 8. Wakaanza kuugua. Pavo ikaingia. Watano wakafa.

Watano! Idadi ileile ya wale wanaocheza kwenye kava la DVD.

Nilisoma mara tatu. Wiki sita, safari ndefu, pavo. Wakuu, mimi nilidhani nimetapeliwa na mhuni mmoja mwenye simu na picha ya kuazima. Kumbe kijibwa changu kimekufa kifo cha waigizaji wenyewe. Ndicho kinachonitia hasira na hizi muvi. Zinamwonyesha mtoto wa mbwa anayejua kuomba chakula, anayejua kusema naumwa, anayepanda kigari cha Santa kwenye theluji na kurudi nyumbani mzima. Hakuna anayeharisha. Hakuna anayemlilia mama yake usiku. Wakwangu alilia usiku wa kwanza wote, nikamwekea redio.

Niliirudia pia ya Kiingereza, peke yangu, sauti chini. Haki lazima nimpe mwenye nayo: kumbe ile sehemu ya kizimbani, DJ aliyoifunika kwa salamu zake, ndiyo yenye maana kuliko zote. Muvi yenyewe inakwambia mchukue asiye na kwao. Wanangu hawakuisikia. Walichobaki nacho ni rangi ya asali na kibonge anayekula keki.

Muuzaji nilimtumia picha na ripoti ya daktari. Jibu lake nalinakili kama lilivyo: "mkuu mbwa katoka kwangu mzima labda mlimlisha vibaya pole sana". Baada ya hapo nimezuiwa. Jana nikatumia laini ya mama watoto kumchungulia. Picha ni ileile. Zulia lilelile. Wiki 10, chanjo ZOTE, na sasa kuna "OFA YA MWAKA MPYA". Jina lake sitaliweka hapa, sitaki mods wanifungie uzi, ila nimeshapeleka malalamiko panapohusika na risiti ya muamala ninayo.

NYONGEZA 1: Mnaosema "ungechukua mbwa wa kienyeji bure kwa jirani", ni kweli, ila na hao wanakufa kwa pavo, msidanganyane kwamba mbwa koko hachanjwi. Uliza jirani mama yake alichanjwa lini.

NYONGEZA 2: Aliyeniuliza kama watu wanaambukizwa: daktari amesema pavo hii ya mbwa haimpati mtu. Asante kwa kuuliza kistaarabu, wewe peke yako kati ya kurasa tatu.

NYONGEZA 3: Kijana wa kibanda cha muvi kanipigia, kasoma uzi. Anasema anayo ya pili na ya tatu, ananipa bure kama pole. Nimemwambia aniwekee za vita.

NYONGEZA 4: Kuhusu lile banda nililoulizwa. Lipo, la mbao, nilichongesha elfu themanini, limetumika siku nne. Nimeliosha kwa Jik, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, mara tatu, na juani limekaa. Lakini uwanja wangu ni wa udongo, na daktari ameniambia kwenye udongo Jik haifanyi kazi sawasawa, kirusi kinaweza kukaa miezi, hata mwaka. Mwenye mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo aje PM, nampa bure, nitamletea mpaka barabarani asikanyage kwangu. Mwenye mtoto wa mbwa, samahani, usije.