Tunakitambulishaje kitengo cha mawasiliano cha chuo ili watu wajue wamtafute nani?

Mlandege
Wakuu habari za jioni. Niko kitengo cha mawasiliano kwenye chuo kikuu kimoja cha umma huku mikoani. Mwezi ujao tunaanza upya ukurasa wa habari za chuo na bosi kanipa kazi ya kuandika habari ya kwanza kabisa, ya kututambulisha. Tuko sita: mkuu wa kitengo, maafisa habari wawili, mpiga picha ambaye pia ndo anahariri video, kijana wa mitandao ya kijamii na dada anayepokea simu na barua.

Nimeandika rasimu, picha ya pasipoti, cheo, shahada, basi. Binamu yangu yuko mwaka wa pili hapahapa chuoni, nikampa asome, akaniuliza "sasa mimi nikiwa na jambo nampelekea nani hapo?" Nikakosa jibu. Na imeniuma maana hawa watu nawaona wanavyojituma. Mahafali yaliyopita mpiga picha wetu alifika uwanjani saa kumi na moja alfajiri aone jua litatokea upande gani wa jukwaa, halafu siku nzima katembea na daftari dogo mfukoni, kila anayempiga picha anampa kalamu aandike jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa ili kapsheni isikosewe. Hayo yote hayaonekani ukiandika "Mpiga Picha Daraja la II". Naombeni ushauri, nyie mngependa mjue nini kuhusu watu kama sisi?

Mama Nuru
Mwanangu umefanya vizuri kuuliza. Mimi nimestaafu, nimekaa kwenye uhusiano miaka mingi, na nakwambia anza na hilo daftari. Sisi tuliwahi kumwandika mhitimu Mwanahawa badala ya Mwanahamisi, mama yake akapiga simu kutoka Newala, wala hakugomba, aliomba tu turekebishe kwa sababu alitaka kuisafisha ile picha aitundike sebuleni na jina chini yake. Toka siku hiyo hakuna kapsheni iliyotoka ofisini kwetu bila kusomwa na watu wawili. Kwahiyo msomaji akijua yupo mtu anayelinda jina lake atawaamini, shahada zenu hazimsaidii sana.

Na hapa Tanzania kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, hii watu wengi hawaijui. Inazitaka taasisi za umma ziwe na afisa wa kushughulikia maombi ya taarifa, na mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Kama huyo mtu yuko kwenye kitengo chenu mwandikeni waziwazi na maombi yanapelekwa wapi, kama yuko ofisi nyingine semeni pia.

MwakaWaTatu
Mimi ni mwanafunzi, chuo kingine lakini shida ni ileile. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa kusainiwa grupu la darasa linajaa skrinishoti, mmoja anasema kesho mwingine anasema wiki ijayo, CR, mwakilishi wa darasa, anapigiwa simu mpaka saa sita usiku na yeye hajui kitu, halafu tangazo la chuo linakuja baada ya siku tatu, PDF iliyoskaniwa imelala upande, Kiingereza tupu, na muhuri umeifunika tarehe. Wengine tunasomea kwenye simu ndogo jamani. Mimi ningependa mseme nani yupo zamu jumamosi na jumapili, maana uvumi haupumziki wikiendi, na kijana wenu wa mitandao awe na ruhusa ya kujibu hata kwa sentensi moja, "tumeuliza, tutawaambia saa kumi". Hiyo inatutuliza kweli. Na tangazo liwe na Kiswahili pia.

Pingili
Nafundisha kilimo, natafiti magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi kahawia. Mwandishi mmoja wa nje aliwahi kuandika kwamba nimepata dawa. Sikupata dawa yoyote, haya ni magonjwa ya virusi, yanasambazwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zilizoambukizwa, mimi nilikuwa naongelea mbegu zinazostahimili. Wakulima walinipigia kuuliza hiyo dawa inauzwa wapi, nikakosa cha kuwaambia. Afisa habari wa chuoni kwetu ndo aliyenisaidia, alikuja shambani na mabuti yake, akanifanya nieleze mara tatu mpaka akaelewa, halafu akanisomea habari yote kwa sauti kabla haijatoka. Mlandege, kama mna mtu wa namna hiyo mtajeni na mueleze anavyofanya kazi, wahadhiri wengi wanakaa na matokeo yao droo imefungwa kwa kuogopa kuandikwa vibaya.

Masijala
Naongezea kitu kimoja tu, msiweke namba binafsi za watu hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, tumieni namba ya ofisi na baruapepe ya kitengo, na kila mtu akubali picha yake itumike. Halafu mfafanue nyie sio redio. Chukulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana Mlimani FM na Mlimani TV, wana pia shule ya uandishi wa habari ambayo zamani ilikuwa chuo cha TSJ (Tanzania School of Journalism) ikaingia chuo kikuu 2003, mtu wa nje anaona vyote ni ofisi moja.

Mlandege
Asanteni sana, Mama Nuru shikamoo. Nimekaa nimeandika upya usiku huu. Sasa inaanza hivi:

"Ukiona jina lako limekosewa kwenye picha ya mahafali, mpiga picha wetu ndiye wa kumwambia, na litarekebishwa siku hiyohiyo. Ukiwa na utafiti unaotaka wakulima, wavuvi au wazazi wauelewe, afisa habari atakufuata ulipo na atakusomea alichoandika kabla hakijatoka. Ukisikia jambo kwenye grupu na huna uhakika, tuulize, hata jumapili."

Hiyo ya jumapili nimeongea na kijana wa mitandao kwanza, amekubali ila anataka wapokezane na mmoja wa maafisa habari na walipwe posho ya zamu. Kesho asubuhi naingia kwa bosi na vyote viwili, rasimu na ombi la posho.