Mnaoleta "chanzo cha ndani" kuhusu Daktari mpya, mtaacha lini kutunywesha chai?

Wakuu salaam, na kama salamu imekaa kishari mnisamehe, maana nimeamka nimekuta nimetagiwa mara kumi na moja kwenye posti moja, eti IMETHIBITISHWA, Daktari mpya wa Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya msafiri wa angani na wa wakati anayeitwa Daktari, kashapatikana, na chini yake picha ya jamaa kasimama mbele ya TARDIS, kile kibanda cha bluu anachosafiria, picha ambayo hata mtoto anaona imeungwaungwa, kivuli cha mtu kinaenda kushoto cha kibanda kinaenda kulia. Nani kathibitisha? Hamna. Chanzo? "Mtu wa ndani." Ndani ya wapi? Ukiuliza unablokiwa.

Kabla hamjaja na zile zenu za "mgeni huyu", mimi nimeanza na Daktari wa Eccleston 2005, halafu nikarudi nyuma taratibu mpaka kwa Daktari wa kwanza, Hartnell wa nyeusi na nyeupe, ile ya Novemba 23, 1963, na bado naumia na karibu episodi mia za miaka ile ambazo BBC ilifuta mikanda yake kama mtu anafuta ubao. Kwa hiyo tetesi nazijua. Tamthilia hii imejengwa juu ya kubadilisha mwigizaji, Hartnell afya ilimshinda 1966 wakabuni kwamba Daktari anaweza kubadili mwili wote, akaingia Troughton, na tangu hapo kila baada ya miaka michache watu tunakaa kuotea ni nani. Kuotea ni raha. Sigombi na kuotea. Mtu akisema "ningependa fulani awe Daktari" nakaa naye mpaka asubuhi. Nagombana na anayejua kabisa kwamba anaotea halafu anaandika kama kaonyeshwa mkataba.

Tuanze na hili la kampuni za kubeti kwa sababu ndo mzizi wa takataka nyingi. Kila wiki unaona "fulani anaongoza mbio za kuwa Daktari". Anaongoza mbio gani jamani? Hakuna mbio! Kuna kampuni imeweka majina thelathini na odi zake, na soko lenyewe ni dogo, siyo mpira huu, kwa hiyo wakitokea watu wachache wakaweka mkeka kwenye jina moja kampuni inaogopa kupigwa inashusha odi, gazeti linaona odi imeshuka linaandika habari, watu wanasoma habari nao wanakimbilia kubeti, odi inashuka tena, gazeti linaandika tena. Huyo mwigizaji mwenyewe kalala kwake hajaitwa hata kwenye usaili. Ni kweli kuna siku inapatia, Capaldi 2013 jina lake lilikuwa limepanda juu kabisa kabla ya tangazo lile la moja kwa moja la Agosti 4, na pale inawezekana kweli kuna mtu alijua kitu. Ila kabla yake, nani alikuwa kipenzi cha mikeka? Paterson Joseph. Akaja nani Januari 2009? Matt Smith, kijana wa miaka 26 ambaye wengi wetu ilibidi tumtafute mtandaoni kujua ni nani, na hata Moffat mwenyewe, mwandishi mkuu aliyekuwa anamchagua, alikuwa na picha ya mtu mkubwa zaidi kichwani mpaka alipomwona kwenye usaili. Mikeka yote ikachanika.

Mwaka 2022 nao, mkasema Hugh Grant. Mkabishana wiki nzima kuhusu Hugh Grant, umri wake, nywele zake, mpaka yeye mwenyewe akaandika Twitter kwamba siye na wala hajui stori imetokea wapi. Mei 8 likaja jina la Ncuti Gatwa. Kuna aliyerudi kusema "wadau nilikosea"? Walifuta posti kimya kimya, wiki iliyofuata wanajua nani atakuwa mwenzake wa safari.

Sasa kinachonichefua hasa, na hapa naomba msome taratibu. Nimekaa nikaangalia majina yanayoletwa na hizi akaunti na nikagundua kwamba hayachaguliwi kwa sababu yana ukweli, yanachaguliwa kwa ugomvi wake. Hawaleti mwigizaji wa jukwaani wa miaka arobaini na tano ambaye hakuna mwenye neno naye. Wanaleta jina litakalofanya kundi moja litukane na kundi lingine litetee. Leo mwanamke fulani, kesho kijana mweusi fulani, keshokutwa mzungu mkongwe fulani "ili kurudisha heshima", na sisi kama kuku tuliomwagiwa mtama tunashuka chini kudonoana. Kurasa mia za komenti. Yule mwanamke hajapigiwa hata simu lakini tayari kuna watu wamejaa kwenye akaunti yake wanamtukana kwa kazi ambayo hana. Nimeona hii kwa macho yangu zaidi ya mara moja na kila mara aliyeanzisha anajibu "mimi nimeripoti tu". Umeripoti nini wewe? Umetupa kiberiti kwenye majani makavu halafu unahesabu laiki.

Na mtu halisi akija kutangazwa, tumeshachoka. Hoja zote zimeshatumika kwa watu hewa. Anaingia Daktari mpya anakuta mashabiki wamekaa kambi mbili hazisalimiani, kwa sababu ya majina ambayo hata hayakuwa kweli.

Najua mnachotaka kusema, kuna mtu kashaanza kuandika huko chini. "Mbona 2025 tulipatia?" Ndiyo, kabla ya msimu ule kuisha kulikuwa na magazeti yanasema Gatwa anaondoka, na Mei 31, 2025 kweli akaondoka. Sikatai. Lakini hizo hizo habari zilisema tamthilia inazikwa, na Oktoba mwaka huo ndo ikatangazwa kwamba Disney, waliokuwa washirika wa BBC, wanajitoa lakini BBC wanaendelea na mwandishi mkuu Russell T Davies anaandika ya Krismasi ya 2026. Umesema mambo mawili, moja limekaa moja halijakaa, halafu unatembea mtaa mzima na lile lililokaa. Tupa mawe mia gizani lazima usikie mtu analia, hiyo siyo shabaha.

Afu mbaya zaidi hakuna aliyewaza kwamba wangemaliza kabisa usiku ule wa Mei 31 kwa Gatwa kubadilika na kutokea uso wa Billie Piper, aliyecheza Rose, mwenzake wa safari wa Daktari wa 2005, na kwenye majina ya mwisho pakaandikwa tu kwamba wanamtambulisha Billie Piper, bila yale maneno ya kwamba ndiye Daktari ambayo huwa wanaweka. Sijui wangapi waliona kwamba maneno yamekatwa pale. Mimi nilirudisha mara tatu. Hicho ndo kitu cha kujadili! Yamekatwa kwa makusudi, maana yake nini, ni Daktari, ni Rose, ni ile silaha yenye roho aliyoicheza 2013? Hapo mtu una kitu mkononi, umekiona kwenye skrini, unajenga hoja. Badala yake uzi wa Piper ulikufa baada ya siku mbili kwa sababu kuna mpuuzi alileta orodha ya "waliofanyiwa usaili kwa siri".

Usaili wa siri mnaujua nyie? Jodie Whittaker alipopata kazi walikuwa wanatumia neno "Clooney" nyumbani na kwa wakala wake ili jina la tamthilia lisitajwe hata kwenye simu. Alitangazwa Julai 16, 2017, baada ya fainali ya wanaume ya Wimbledon, kwa kivideo kifupi cha mtu mwenye kofia anatembea msituni. Watu wanaoficha namna hiyo ndo wamemwambia mshikaji wako mwenye picha ya Dalek, yule adui mkubwa wa Daktari, kwenye profaili?

Na hivi kinachoibiwa mnakijua? Juni 28, 2008. Tennant, Daktari wa wakati huo, anapigwa na Dalek barabarani, anabebwa kuingizwa ndani ya TARDIS, mwili unaanza kuwaka kama wa Daktari anayebadilika, muziki unapanda, majina yanatoka. Imeisha! Wiki nzima hakuna aliyekuwa anajua. Uingereza nzima ilikuwa inauliza kama jamaa anaondoka au la, na Julai 5 ikaonekana kumbe ile nguvu kaimwaga kwenye mkono wake uliokatwa zamani, na yeye yupo vilevile. Mimi sikuiangalia wakati ule, niliikuta baadaye, na aliyenipa alinipa bila kuniambia neno hata moja, na mpaka leo namshukuru. Nani sa hizi anaweza kukupa kitu kama kile? Thumbneli peke yake imeshakwambia nani anakufa.

Tena mashabiki tunaweza, msiseme haiwezekani. Mwaka 2013 watu zaidi ya mia mbili Marekani walitumiwa diski za msimu kimakosa kabla ya episodi ya mwisho kuonyeshwa, wakaombwa wafunge mdomo, wakaahidiwa klipu fulani kama asante, na wakafunga mdomo. Watu baki kabisa, hawajasaini chochote. Walikuwa na siri ya KWELI mkononi wakanyamaza, nyie hamna hata siri mnapiga kelele.

BBC nao nisiwaache. Wanakaa kimya miezi na kimya chao ndo mbolea ya huu uchafu, na wana rekodi yao, Eccleston 2005 habari ya kuondoka kwake ilitoka siku nne tu baada ya episodi ya kwanza, halafu wakatoa maneno kama vile ni yake bila kumuuliza, mpaka wakaomba radhi. Kwa hiyo siwatetei. Lakini kimya cha BBC hakikupi wewe ruhusa ya kukijaza na jina la binamu wa rafiki ya mtu aliyemwona mtu Cardiff, kule inakorekodiwa.

Ombi kwa mamodi: mtu akileta "imethibitishwa" bila tangazo, uzi ufungwe. Akileta ndoto zake aandike ni ndoto, tutamsikiliza vizuri tu.

NYONGEZA: Kuna wawili wamekuja kusema nina povu na kwamba tetesi ndo zinafanya jukwaa liwe hai. Uhai gani, wa soko la samaki? Mwingine kaniuliza kwa nini nasoma kama sipendi. Nasoma kwa sababu mnanitagi!

NYONGEZA 2: Sawa, nimepata wazo, na huu uzi sasa una kazi. Kuanzia leo kila tetesi ya Daktari mpya naiweka hapa chini: tarehe, jina la mwigizaji, na nani kaileta, pamoja na skrinshoti ili mkifuta isipotee. Siku tangazo likitoka tunafungua daftari wote kwa pamoja. Na ili msiseme naonea watu nafungua na langu.

1. Mwaka 2017, mimi mwenyewe, mwigizaji Kris Marshall. Niliandika "asilimia mia". Nilimtukana mtu mmoja aliyesema anadhani atakuwa mwanamke. Ile posti niliifuta Julai 16 usiku, kama saa moja hivi baada ya tenisi kuisha.