Mrejesho: mwanangu ambaye moyo uko kulia

Jamani, shukran sana. Ni mimi wa Likoni niliyeuliza kuhusu mwanangu wa miaka 9, ambaye picha ya kifua ilionyesha moyo uko upande wa kulia, na kliniki moja ikaniambia eti filamu imewekwa kinyume.

Nilifuata ushauri wa yule dada aliyesema nidai altrasaundi ya tumbo na ya moyo. Tukavuka feri alfajiri. Daktari alipaka ile jeli baridi, akatafuta ini kulia, halipo. Akahamisha kifaa kushoto, akaniita: "Mama, njoo uone." Ini kushoto, wengu kulia, kila kitu kama kwenye kioo. Kitaalamu ni situsi inversusi. Moyo wenyewe hauna kasoro, alhamdulillahi. Hapo nililia.

Kaka aliyeshauri kadi ya kumtahadharisha daktari yeyote atakayemtibu, nimeiandika: kidole tumbo chake kiko kushoto, na waya za kupima moyo zigeuzwe. Iko ndani ya begi la shule, nakala nyingine kwa mwalimu.

Kikohozi na mafua yake yasiyoisha, hapo bado. Dawa ya kikohozi mliyonitajia haikusaidia. Daktari anasema takriban mmoja kati ya wanne wenye hali hii ya viungo kugeuka huwa na hitilafu ya vijinywele vinavyosukuma makohozi kwenye njia ya hewa, na huenda ndiyo maana makohozi yake hayatoki. Kipimo cha hitilafu hiyo hatujapata. Kwa sasa tunafanya mazoezi ya kifua asubuhi na jioni, na usiku analala vizuri kidogo.

Mungu awalipe.