Mamluki watatu, saini yangu moja: nani abebe huu mzigo?

waziri_wa_jezi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, nasoma mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja cha kati ambacho sitakitaja. Niligombea uwaziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi nikapita bila kupingwa, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Uwaziri wenyewe ni kufua jezi, kutunza funguo za stoo na kuchangisha hela za maji. Na kusaini. Hiyo ya kusaini ndiyo imenileta hapa.

Mwezi wa nane tulikuwa na mashindano ya vyuo. Kabla ya nusu fainali kocha akaniletea fomu ya wachezaji, majina ishirini, na vitambulisho vyao vimefungwa kwa rababendi. Vitatu vilikuwa bado vya moto. Sitanii, laminesheni ilikuwa haijapoa, inanuka kabisa steshenari. Majina niliyajua, ni ya madogo wa mwaka wa kwanza, na mmoja wao huwa ananisaidia kubeba ndoo ya maji mpaka uwanjani. Sura za kwenye picha sikuzijua. Nikamtazama kocha, naye akanitazama. Usiku wa jana yake alishaniandikia WhatsApp, na ujumbe ninao mpaka leo: "Waziri wewe saini tu, hayo mengine niachie mimi." Nikasaini. Mlezi wa michezo akasaini chini yangu bila hata kuvaa miwani.

Nusu fainali tukashinda. Siku ya fainali upepo ulikuwa ule wa Agosti, vumbi mpaka kwenye meno. Timu zikapangwa mstari kwa ukaguzi: mwamuzi wa akiba anasoma jina, mchezaji anaitika, anatoa kitambulisho. Likasomwa jina la namba 8 wetu. Kimya. Likasomwa tena. Yule kaka ameinama anafunga kamba za kiatu, hana habari. Mara ya tatu beki wetu akamsukuma bega, ndipo akaruka: "Naam, nipo!" Benchi la wapinzani waliona kila kitu. Wakanyamaza. Tulipowafunga 2-1 ndipo wakakata rufaa.

Kamati ikamwita namba 8 ikamuuliza anasoma kozi gani. Akasema, "Sayansi." Namba ya usajili? Nadhani kidogo ataje ya pikipiki, maana ni bodaboda wa Nkuhungu.

Kombe likarudi. Ikabidi turudishe na laki tatu za zawadi ambazo tulishazila, nyama ya mbuzi na soda, kwa hiyo tukachangishana. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni adhabu. Timu imefungiwa miaka miwili. Wale madogo watatu walioazimisha vitambulisho vyao, chuo kimewasimamisha muhula mzima. Kapteni, ambaye ni mwanafunzi halali na alicheza vizuri kuliko hao mamluki, amepewa barua ya onyo kali. Kocha "ameshukuriwa kwa utumishi wake", ndivyo tangazo la ubaoni lilivyosema, na wiki mbili baadaye nikaiona picha yake amevaa fulana ya chuo kingine, Singida huko. Mlezi yupo ofisini kama kawaida. Mimi nimeambiwa nilidanganywa, mimi ni binti mzuri.

Sikudanganywa.

Alhamisi kamati ya nidhamu inasikiliza rufaa ya wale madogo. Wenyewe hawasemi kitu, kwa sababu kocha aliwaahidi namba kwenye kikosi na bado wanaamini atarudi. Naomba ushauri: kwa haki, nani anatakiwa abebe? Na nikipeleka ule ujumbe, si najichongea? Nimebakiza muhula mmoja tu.

kiboko_wa_Mtera

Dada, muhula mmoja. MMOJA. Kaa kimya, chukua cheti chako, nenda kaanze maisha. Hapo chuoni kuna watu wazima wanaolipwa mshahara kuangalia hayo mambo. Halafu tusidanganyane, kila chuo kinachezesha mamluki. Nyie kosa lenu ni kuchukua mtu ambaye hajakariri jina.

refa_mstaafu

Mwanangu, nimepuliza filimbi kwenye michezo ya shule na vyuo miaka kumi na tisa, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, kwa hiyo hayo ya jina nimeyaona sana. Kuna kipa alisomewa jina akajibu, "Huyo hajaja." Nikamwambia, basi na wewe toka.

Nianze na hao waliokata rufaa. Rufaa yao ni halali, lakini mimi ningewauliza: mmeona saa tisa na nusu, mbona mnalalamika saa kumi na mbili? Walikuwa wameweka akiba. Wangeshinda, yule bodaboda angekuwa mwanafunzi halali mpaka leo. Na mwamuzi wa akiba aliyesoma jina mara tatu naye alale macho, kazi ya ukaguzi ni hiyo hiyo.

Sasa yako. Fomu za namna hiyo mimi nimezipokea mamia. Chini kuna sehemu ya saini, na juu yake kuna maneno kwamba sisi tunaosaini tunathibitisha hawa ni wanafunzi wetu. Hicho ni kiapo, hata kama hakuna aliyeshika kitabu. Kocha alisaini, wewe ulisaini, mlezi alisaini. Wale watoto hawakusaini popote. Walimwazimisha kitambulisho mtu waliyeambiwa wamwite mwalimu. Ni kosa, ndiyo, lakini pima uzito.

Mwaka 2019 tuliandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17, Dar es Salaam. Guinea wakafika fainali. Baadaye ikaonekana wachezaji wao wawili wana tarehe za kuzaliwa zisizolingana na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japani mwaka 2017. Wakaondolewa, na tiketi ya Kombe la Dunia la vijana kule Brazil ikaenda Senegal. Kikosi kizima cha watoto kikabaki nyumbani. Mtoto wa miaka kumi na sita hajipeleki uhamiaji kujitengenezea pasipoti, kuna mtu mzima anamshika mkono.

Peleka ujumbe. Na barua yako uanze na saini YAKO, usianze na ya kocha.

mtoto_wa_Changombe

Mimi nimewahi kuwa mamluki. Chang'ombe hii hii ya Dodoma. Elfu kumi, chipsi, na nauli ya bajaji. Nilipewa jina la mtu nikalikariri njia nzima kama mtoto anayetumwa dukani.

Nikafunga goli. Uwanja mzima wakaimba lile jina, mabinti wanaliimba, na mwenye jina yuko pale pale kwenye kamba anapiga makofi. Alinitazama sijui kwa jicho gani. Mpaka leo nikikumbuka goli lile sijui ni langu au lake.

Huyo bodaboda msimtupie mawe sana. Ila dada, wale madogo watoe.

Columbus_hadi_AreaD

Nimesoma Ohio, Marekani, kwenye mji wa Columbus, kuanzia 2009 hadi 2013. Kule mpira wa vyuo ni ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu, na uwanja wa chuo unabeba watu zaidi ya laki moja. Kosa lao lilikuwa tofauti na lenu, lakini hadithi ya saini ni ile ile.

Kocha wa Ohio State alikuwa Jim Tressel, mtu wa kuheshimika, aliwapa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2002. Aprili 2010 wakili mmoja akamwandikia barua pepe kwamba baadhi ya wachezaji wake wanamuuzia mwenye duka la tatuu vitu vyao vya timu, na wanachorwa tatuu kama malipo. Kwa kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ilikuwa marufuku. Tressel alijibu zile barua pepe, halafu akakaa nazo. Septemba akaletewa fomu ya kila mwaka ya kuthibitisha kwamba hana taarifa ya ukiukwaji wowote. Akasaini. Mambo yalipolipuka Desemba wachezaji watano wakafungiwa mechi tano za msimu uliofuata, na watu wakadhani yameisha. Kilichommaliza kocha ni zile barua pepe na ile fomu. Tatuu zilikuwa za vijana.

Nilikuwepo. Machi 2011 rais wa chuo akaulizwa mbele ya waandishi kama aliwahi kufikiria kumfukuza kocha. Akatania kwamba yeye anaomba tu kocha asimfukuze yeye. Watu wakacheka, na mimi nilicheka, lakini mleta mada fikiria mlezi wenu asiyevaa miwani. Ndiyo huyo huyo. Kocha akiwa mkubwa kuliko chuo, nani atamuuliza?

Mwisho wa Mei akajiuzulu. Sasa angalia nani alilipa. Quarterback wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Terrelle Pryor, aliondoka kwenda ligi ya kulipwa, na mechi zake tano zikamfuata huko huko. Mwaka 2012 timu ikiwa na kocha mpya ikacheza mechi 12 ikashinda zote 12, na haikuruhusiwa kucheza mechi za baada ya msimu, zile za kuwania ubingwa, kwa makosa ya watu walioshaondoka. Nilikaa na wenzangu hosteli tunaangalia wengine wakigombea ubingwa. Kuna mshikaji wangu alikuwa mwaka wa kwanza, alilia kweli kweli.

USC nao, chuo kikuu cha California, 2010: miaka miwili bila mechi za baada ya msimu, nafasi 30 za ufadhili zikakatwa, sababu mchezaji wao Reggie Bush na familia yake walipokea fedha na vitu. Kocha Pete Carroll alikuwa ameshahamia Seattle kwenye ligi ya kulipwa miezi kadhaa kabla ya hukumu, na huko akaja kuchukua Super Bowl, ubingwa wa ligi hiyo. Singida yake hiyo.

Ila wana adhabu moja ambayo huku sisi hatuna na tungeihitaji. Inamfunga mtu binafsi, inamfuata. Chuo chochote kikitaka kumwajiri ndani ya muda huo lazima kifike mbele ya kamati kijieleze kwa nini nacho kisiadhibiwe. Tressel alipewa miaka mitano. Jim Harbaugh, aliyekuwa kocha wa chuo kikuu cha Michigan, Agosti 2025 akaongezewa miaka kumi kwa ile kesi ya mtu wao kupeleka watu viwanjani kurekodi ishara za timu pinzani. Inauma? Kiasi. Harbaugh yuko Los Angeles anafundisha timu ya kulipwa, ambako adhabu haimfikii. Na Tressel alikuja kuwa rais wa chuo kikuu kingine, leo ni naibu gavana wa Ohio. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukisema kweli kocha wenu ataumia. Sema kwa ajili ya wale watatu.

kiboko_wa_Mtera

Mkuu, Ohio na Dodoma wapi na wapi? Kule kuna mabilioni, huku ni mbuzi na soda. Mwenzako anaulizia cheti.

Columbus_hadi_AreaD

Mabilioni ndiyo yanawafanya walindane, kiboko. Mwaka 1987 chuo kikuu cha SMU cha Texas walifutiwa msimu mzima kwa kulipa wachezaji kwa siri, na mwenyekiti wa zamani wa bodi ya chuo, Bill Clements, alikiri malipo yaliendelea wao wakijua. Wakati anakiri alikuwa gavana wa jimbo! Kwa mbuzi na soda tunashindwa nini?

waziri_wa_jezi (mleta mada)

Nimerudi. Shikamoo mzee refa, na asanteni wote, hata kiboko, maana usiku wa Jumatano nilikuwa upande wako kabisa.

Nilianza barua mara nne. Mara tatu za kwanza zilianza na "Kocha aliniambia". Ya nne nikaandika, "Mimi niliyesaini fomu nilijua kuwa wachezaji watatu si wanafunzi." Baada ya hapo iliandikika yenyewe, kurasa mbili. Ujumbe wa kocha nikauchapisha kwenye steshenari, na sitaki hata kuwaza kama ni ile ile. Kijana wa pale akausoma wakati unatoka kwenye mashine, akanitazama, akanipunguzia mia mbili.

Kamati ilinisikiliza dakika kama kumi na tano. Mlezi alikuwepo na safari hii alivaa miwani. Mmoja wao akaniuliza kwa nini sikusema mwezi wa nane. Nikasema niliogopa, na pia nilitaka kombe. Hilo la pili sikuwa nimepanga kulisema.

Uwaziri nimevuliwa, funguo za stoo nimekabidhi. Barua ya onyo naisubiri, au zaidi ya onyo, sijui bado. Wale madogo wamerudishwa wawili. Wa tatu, yule wa ndoo, alishaenda kwao Bahi siku walipomsimamisha, na simu yake ilikuwa haipatikani, kwa hiyo jana nikapanda gari nikamfuata. Nilimkuta anapakia magunia ya mpunga. Nikamwambia rudi, jina lako limetoka ubaoni. Akafurahi, akanawa mikono, tukakaa.

Halafu akaniuliza kitambulisho chake kitarudi lini, maana bila kitambulisho huingii kwenye chumba cha mtihani. Sikuwa na jibu. Bado kiko kwenye bahasha ya kamati, na kina picha ya bodaboda wa Nkuhungu.