Wastani wa kina cha maji kwa intigrali, mbona haitoki 2.75?

kijana_wa_mvita
Salaam aleikum wakuu, naomba msaada kabla sijaichana hii karatasi. Tumepewa kina cha maji Kilindini ni h(t) = 2 + 1.5cos(πt/6), mita, na t ni masaa tangu maji yajae pomoni. Watafuta wastani wa kina toka t = 0 mpaka t = 3. Sasa mwanzo ni 3.5 mwisho ni 2, ukijumlisha ukagawa kwa mbili si 2.75? Kitabu kimeandika 2.95, wamefanya intigrali (lile eneo chini ya grafu) halafu wakagawa kwa 3. Hiyo 3 yatoka wapi?

maji_mafu
Waaleikum salaam. Wewe umeuliza maji mara mbili tu, yakianza na yakiisha, hapo katikati hukuangalia kabisa. Hebu weka t = 1 uone, yapata 3.30. t = 2 ni 2.75. t = 3 ni 2. Yaani saa ya kwanza yameshuka sentimita 20 tu, ya pili 55, ya tatu 75. Mvuvi yeyote atakwambia maji yakijaa hukaa kwanza, hayana haraka, kisha ndo yaanza kukimbia kupwa. Kwa hivyo muda mwingi yalikuwa juu ya 2.75 na wastani lazima upande. Ile njia yako ina uhakika grafu ikiwa mstari ulonyooka, ikipinda usiiamini.

Hiyo 3 sasa. Pima katikati ya kila saa, yaani t = 0.5, 1.5 na 2.5, wapata kama 3.45, 3.06 na 2.39, jumla 8.90, gawa kwa vipimo vitatu ni 2.97, ushakaribia. Ukipima kila dakika, kila sekunde, wagawa kwa n kubwa kubwa (n ni idadi ya vipimo), lakini kila kipimo kina upana wake Δt = 3/n, sivyo? Basi 1/n ni sawa na Δt/3. Hiyo Δt yaingia ndani ya jumla yawa intigrali, na 3 yabaki nje peke yake. Ndo fomula yote hiyo, 1/(b−a) mara intigrali toka a mpaka b, a ni mwanzo wa muda na b mwisho. Yako: intigrali toka 0 mpaka 3 ni 6 + 9/π = 8.865, gawa kwa 3, ni 2.955.

fundi_stima_tudor
Ongezea hapo, chagua muda vizuri manake wastani wabadilika na muda. Ukichukua masaa 12 yote hiyo kosaini yajifuta wapata 2 kavu. Ndo sababu stima ya nyumbani ukitafuta wastani wa volti kwa mzunguko mzima wapata sifuri na bado pasi yakuunguza 😂 sisi twachukua wastani wa mraba wake kisha kipeuo cha pili, ndo hizo 240, kilele chenyewe ni kama 339.

bamvua254
Na hilo swali limekata kona, maji hurudi kujaa baada ya masaa 12 na dakika 25 hivi si 12 kamili, ndo maana kila siku saa zasogea. Lakini kwa mtihani fuata ulichopewa.

kijana_wa_mvita
Aaah ile ya Δt imenifungua, shukran sana. Sehemu b wauliza ni saa ngapi kina chenyewe kilikuwa sawa na huo wastani, nimepata t = 96.4 na siwezi kutoka nje ya 3 🤦🏾

maji_mafu
Kalkuleta yako iko kwa digrii, weka radiani. Wastani ni 2 + 3/π, toa 2 pande zote, 1.5cos(πt/6) = 3/π, kwa hivyo cos(πt/6) = 2/π, hiyo pembe ni 0.881, t ni 1.68, saa moja na dakika 41 baada ya kujaa. Na jibu lazima liwepo ndani ya 0 na 3 manake maji hayaruki toka 3.5 mpaka 2 bila kupitia hapo kati, kuna thiorem yake ya wastani wataitaka uitaje, usiiache, ina maksi.