Naombeni ushauri, nataka kumnyoa brathe nyumbani

Wasee nisaidieni, brathe yangu mdogo ana zile nywele za kujikunja sana na kila akienda kinyozi anapitishwa mashine chini kabisa mpaka shingo nyuma inatoka vipele, inaniuma kumwona akijikuna usiku, so nataka nimnyoe mwenyewe kwa nyumba. Nitakata zikiwa kavu kwa sababu nywele kama hizo zikilowa zinarefuka, zikikauka zinajivuta unapata umekata fupi kuliko ulivyotaka. Pembeni nawaza kichana cha kuvalisha mashine namba 2, ile ya milimita 6, juu nitumie makasi. Sasa pale zinapokutana napitisha namba 3 ama 4 ndio ule mstari upotee? Na shingoni niache urefu gani vipele visirudi?