Bingwa akizeeka: apumzike kama Federer, achague kama Djokovic, au akomae kama Nadal?

MwlChikongola:
Wanajamvi wa kusini, kuchele! Leo naleta tenisi, wapenzi wa kandanda mtuvumilie.

Djokovic kazaliwa Mei 1987, mwaka 2025 katimiza miaka 38. Mwaka huo kafika nusu fainali ya Grand Slam zote nne, yaani yale mashindano makubwa ya tenisi (Australian Open ya Melbourne, Roland Garros ya Paris, Wimbledon, na US Open ya New York), na hakuingia fainali hata moja. Melbourne aliacha mechi yake na Zverev baada ya seti ya kwanza, msuli wa nyuma ya paja umechanika. Paris na Wimbledon kamkuta Sinner, New York kamkuta Alcaraz. Kwa mtu wa umri ule si aibu hata kidogo. Lakini mtu mwenye makombe 24 ya Grand Slam hachezi ili afike nusu fainali.

Kwa hiyo swali: bingwa wa namna hii agawe vipi mwaka wake kati ya kupumzika na kushindana? Mimi naona mifano mitatu iliyo wazi.

Federer, baada ya Wimbledon 2016, alifunga mwaka. Miezi sita nje. Akarudi Januari 2017 akiwa kapangwa namba 17 tu, akabeba Australian Open kwa kumfunga Nadal seti tano. Akaongeza Indian Wells na Miami, halafu akaruka msimu mzima wa viwanja vya udongo, Roland Garros ikiwemo. Wimbledon akabeba bila kupoteza seti, akikaribia kutimiza miaka 36.

Djokovic hafungi mwaka, anachuja. Baada ya Wimbledon 2025 hakwenda Toronto wala Cincinnati, akatua US Open moja kwa moja.

Nadal ndiye wa kukomaa. Roland Garros 2022 alicheza na mguu wa kushoto uliochomwa sindano za ganzi, akaondoka na kombe lake la 14 pale.

Mimi niko kwa Federer. Na siulizi kwa ajili ya televisheni tu. Kuna mzee wetu hapa mjini, miaka 58, alitamba enzi za michezo ya mashirika ya umma, na bado anataka kuingia kila shindano linalotokea. Vijana wanamwogopa, magoti yake hayamwogopi. Tumshauri nini?

Ndanda_Damu:
Nimesoma yote hadi chini nikidhani ni straika wetu mmoja. Endeleeni.

KochaShangani:
Mwalimu, mfano wako wa Federer umeukatia katikati. Ule mwaka wa 2016 hakuamka tu akasema napumzika. Alikuwa amepasuliwa goti Februari, akawahi kurudi, goti likamkatalia. Mapumziko yale yalikuwa matibabu. Yalimpa makombe matatu ya Grand Slam, sawa: Melbourne na Wimbledon 2017, Melbourne tena 2018, na Februari 2018 akarudi namba moja duniani. Sasa malizia hadithi. Mwaka 2020 alipasuliwa goti la kulia mara mbili, akakaa nje zaidi ya mwaka, akarudi. Wimbledon 2021 robo fainali Hurkacz alimfunga, seti ya mwisho 6-0. Ndiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya mmoja mmoja. Mapumziko marefu yaleyale, mtu yuleyule, miaka minne mbele.

Jambo la pili watu hawalitazami: pointi. Zinahesabiwa kwa wiki 52. Ukiruka shindano, pointi ulizopata pale mwaka jana zinadondoka, na hakuna wa kukutunzia. Pointi zikipungua unashuka kwenye upangaji wa droo. Wanne wa juu hawawezi kukutana kabla ya nusu fainali. Wa tano hadi wa nane anaweza kumkuta mmoja wa hao wanne robo fainali. Januari 2025 Djokovic alipangwa namba 7 Melbourne, akamkuta Alcaraz robo fainali. Mechi ile tuliitazama mchana kwetu huku. Alimfunga kwa seti nne, lakini msuli uliomtoa kwa Zverev uliumia mechi hiyohiyo.

Kwa hiyo kupumzika kuna bei. Unaokoa mwili Agosti, unalipia kwa kukutana na mnyama mapema.

MwanaNewala:
Kocha umeongea. Ila mimi ni wa Nadal na sioni aibu. Mnasema alijiumiza. Mwaka 2022 ana miaka 35 kampiga Medvedev fainali ya Melbourne akiwa nyuma seti mbili, kisha Paris akabeba akiwa ametimiza 36. Makombe mawili ndani ya miezi mitano! Angekaa nyumbani Manacor ananywa chai, mguu ungepona? Ugonjwa ule wa mfupa wa mguu anao tangu ujana, hauponi kwa kulala. Mtu mwenye maumivu yasiyoisha anachagua lini aumie, basi.

Tiba_ya_Viungo:
Kaka MwanaNewala, nafanya kazi hiyo ya viungo hapa mkoani, nakujibu kwa heshima. Maumivu ni taarifa. Ganzi haitibu, inaizima taarifa. Tazama kilichofuata baada ya Paris: wiki chache tu, Wimbledon, msuli wa tumbo ukachanika, akajitoa kabla ya nusu fainali na Kyrgios. Januari 2023 nyonga Melbourne, mwaka ukaishia hapo, akapasuliwa. Alirudi 2024 lakini si yule, Novemba akaaga tenisi huko Malaga. Siwezi kusema sindano ndizo zilizoleta nyonga, hakuna anayeweza kusema hivyo kutoka mbali. Ninachosema ni kwamba mtu akichechemea bila kujua, mzigo unahamia mahali pengine.

Ila na nyie wa kupumzika msifurahi. Kuna kitu wagonjwa wangu wengi hawakipendi kukisikia: mwili wa mtu mzima haupendi kukaa. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka thelathini, na ukilaza mguu inakimbia haraka zaidi. Kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zinapata damu kidogo kuliko msuli, ndiyo maana zinachelewa kupona. Zinapona kwa kubebeshwa mzigo kidogokidogo, si kwa kitanda. Mtu akikaa miezi mitatu halafu Jumamosi akaenda kuruka na kukata kona kwa saa mbili, Jumatatu yuko kwangu.

Kinachofanya kazi ni kupunguza wingi, si ukali. Mzee aliyekuwa anacheza siku tano acheze mbili au tatu, lakini siku hizo apige mipira kwelikweli, asiende kutembea tu na raketi. Katikati anyanyue uzito mwepesi, achuchumae akiegemea ukuta, alale vizuri. Usingizi mnaudharau sana.

BintiMikindani:
Nimesubiri mtu amtaje mwanamke hata mmoja nimechoka. Serena Williams je?

Aliibeba Australian Open 2017 akiwa na mimba changa, akajifungua Septemba mwaka huohuo, akarudi 2018. Ndani ya miaka miwili akaingia fainali nne za Grand Slam: Wimbledon 2018 na Kerber, US Open 2018 na Osaka, Wimbledon 2019 na Halep, US Open 2019 na Andreescu. Zote akapoteza, na hakushinda hata seti moja katika hizo nne. Hata moja! Mimi sikubali kwamba mwili ndio ulioisha. Mtu ambaye mwili umeisha hafiki fainali nne. Kilichopungua ni mechi ngumu. Raundi za mwanzo alikuwa anashinda kwa jina na kwa nguvu ya kuanzisha mpira, akifika fainali anamkuta mtu aliyekuwa akicheza wiki hadi wiki, miguu inajua. Hilo ndilo nililoliona kwa Djokovic mwaka 2025 pia. Anafika Ijumaa ya nusu fainali bila kuwa amebanwa vya kutosha kwa miezi miwili, halafu Sinner anambana tangu mpira wa kwanza.

Dada yake Venus ni somo jingine. Mwaka 2011 aligundulika na ugonjwa wa Sjögren, unaochosha mwili. Akajifunza kuishi nao, na mwaka 2017 akaingia fainali ya Melbourne na ya Wimbledon, akiwa na 36 na 37. Julai 2025, miaka 45, baada ya miezi 16 bila mechi, akashinda mechi ya mmoja mmoja Washington. Yeye hahesabu makombe tena, anacheza kwa sababu anapenda. Hiyo ni njia ya nne, Mwalimu, na hukuiandika.

KochaShangani:
Dada Binti, hapo kwa Serena nakubaliana nawe nusu. Kerber na Halep walicheza mechi za maisha yao. Halep siku ile alimfunga 6-2 6-2, na sidhani kama kuna maandalizi yangebadilisha hiyo.

Naliendele71:
Asalaam aleikum vijana wangu. Mimi mstaafu wa utafiti wa korosho, tenisi naifuata tangu enzi za Rosewall, aliyefika fainali ya Wimbledon na US Open mwaka 1974 ana miaka 39. Connors alimfunga zote mbili vibaya, lakini alifika.

Mkorosho mkongwe hatuung'oi, wala hatuuachi na matawi yake yote. Tunaukata, tunaacha maotea machache, tunayabebesha vikonyo vya mbegu bora. Unapoteza mavuno ya mwanzo, unapata baadaye. Shida ni moja: lazima ujue tawi gani linazaa. Djokovic anakata matawi bila mpangilio. Aliacha Toronto na Cincinnati ambako viwanja ni vigumu kama vya New York, kisha Oktoba akaenda Shanghai kwenye joto na unyevu, akateseka, akafungwa nusu fainali na Vacherot aliyekuwa wa 204 duniani. Novemba akabeba Athens, kombe la 101 ukihesabu mashindano yote, fainali ya saa tatu na Musetti, halafu siku hiyohiyo anasema bega, hachezi mashindano ya kufunga mwaka ya Turin. Hiyo ni ratiba ya nani?

Ndanda_Damu:
Shikamoo mzee. Hivi Mtwara mada yoyote ikifika ukurasa wa pili lazima korosho itokee?

Naliendele71:
Marahaba. Lazima.

MwanaNewala:
😂😂 Mzee kamaliza. Lakini kumbukeni Athens kuna ndugu yake aliyeandaa shindano, na familia yake imehamia Ugiriki. Mtu ana sababu zake zaidi ya pointi.

MwlChikongola:
Shikamoo mzee wangu, nashukuru kwa mchango. Hoja ya tawi linalozaa imenipa pa kushika. Federer wa 2017 hakupumzika hovyo, alikata udongo. Kwa nini udongo? Mpira unapungua kasi, unaruka juu, kupigiana mpira kunakuwa kurefu, na pale palikuwa na Nadal. Alitoa kitu ambacho kingemla sana na kumlipa kidogo, akabakiza nyasi za Wimbledon. Djokovic hana udongo wa kukata, maana anashinda kila mahali. Olimpiki ya Paris 2024 aliichukua juu ya udongo, akimfunga Alcaraz seti mbili za kuamuliwa kwa pointi chache, miezi miwili tu baada ya kupasuliwa gegedu la goti. Ndio maana kuchagua kunamsumbua: kila tawi lake linazaa.

Kwa hiyo kwangu angechagua kwa hali ya hewa na kwa nafasi kati ya mashindano. Shindano moja la maandalizi kabla ya kila Grand Slam, kwenye kiwanja cha aina ileile, liishe angalau wiki moja kabla. Mwaka 2025 Geneva alifanya hivyo kiasi, akabeba kombe lake la 100 siku moja kabla Roland Garros kuanza, na Paris alimtoa Zverev robo fainali kabla ya Sinner kumfunga seti tatu ambazo mbili zilikuwa za kuvutana. Ilikuwa karibu kuliko Wimbledon, ambako alienda bila shindano lolote la nyasi na Sinner akampa 6-3 6-3 6-4.

KochaShangani:
Wimbledon aliteleza robo fainali akaumia, tusisahau. Ila naona unapoelekea. Na kanuni zinamruhusu: mchezaji akifikisha miaka 31, mechi 600 na miaka 12 ya kazi, ATP, wasimamizi wa tenisi ya wanaume, inamwondolea ulazima wa Masters 1000, mashindano yanayofuata Grand Slam kwa ukubwa. Halazimiki, anachagua. Masters nyingi siku hizi zinachukua karibu wiki mbili, si wiki moja kama zamani, kwa hiyo hata mimi zile nisingezipigia hesabu. Mashindano madogo ya 250 ndiyo yanamfaa: mechi nne, anaondoka.

Tiba_ya_Viungo:
Na mzee wa miaka 58 je? Mbona tumemsahau.

KochaShangani:
Huyo ni rahisi kuliko Djokovic. Kiwanja chetu ni saruji tupu, hakuna udongo wala nyasi, goti linakula kila hatua. Jua la sasa hivi kabla ya mvua ukichelewa saa mbili asubuhi umekwisha. Acheze saa kumi na mbili, mechi ya mmoja mmoja mara moja kwa wiki, zilizobaki acheze wawili wawili. Kiwanja cha mmoja mmoja kina upana wa mita 8.23, cha wawili wawili 10.97, lakini mnagawana: kila mmoja anabaki na mita tano na nusu. Mama Navratilova alibeba US Open ya mseto, mwanamke na mwanamume upande mmoja, mwaka 2006 akiwa na Bob Bryan, mwezi mmoja kabla ya kutimiza 50.

BintiMikindani:
Hatakubali. Wazee wetu wakiambiwa wawili wawili wanasikia umewaambia wamechoka.

MwlChikongola:
Nilishamwambia. Kasema atacheza, kwa sharti kwamba yeye ndiye asimame nyavuni na kijana akimbie nyuma. Sasa natafuta kijana wa kukimbia nyuma. Mwenye nafasi Jumamosi na Jumapili alfajiri aniandikie faragha, raketi ninayo ya kuazima.

Ndanda_Damu:
Nyuma kuna kivuli?

MwlChikongola:
Hakuna.

Ndanda_Damu:
Nakuja, ila Jumapili tu. Jumamosi nina mechi.